Yaya Ana Kosa Gani?

Wiki ya tatu hii silali. Narudi kutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, miguu imevimba kama maandazi, nakuta binti yangu kaweka kiti katikati ya jiko. "Baba, kaa hapo. Leo wewe ndiye mtahini."

Mtahini! Mimi, ambaye Kifaransa changu nimekiokotea ghalani nikisukuma mikokoteni. Lakini huku Ufaransa mtoto wa sekondari, mwaka mmoja kabla ya kumaliza, hana budi kukaa mbele ya mwalimu asiyemjua na kuchambua fasihi kwa mdomo. Dakika 30 za kujiandaa, 20 za kuongea. Na wa kwetu kaangukia tanzia, yaani tamthilia ya msiba, nayo imeandikwa kishairi: Phèdre ya Mfaransa Racine, ya mwaka 1677.

Akaanza kusoma. Nikamsimamisha. "Mbona mizani pungufu? Mshororo una 16, nane ukwapi, nane utao."

"Baba, huku ni 12. Sita kwa sita."

Sita kwa sita! Na vina vya kati hakuna. Mishororo 1,654 hivyohivyo! Kule Tanga angenyang'anywa kipaza sauti kabla hajafika ubeti wa pili.

Kesho yake nikachukua maharage, kila silabi punje moja mezani. Nikapata 11. Nikarudia, 11. Kumbe mtoto anameza zile e za mwisho wa neno, na kwenye ushairi wao nyingine lazima zitamkwe. Kusoma kwa sauti kuna alama mbili. Nani kaziokoa? Maharage.

Kisa chenyewe sasa. Mke wa mfalme, ndiye Phèdre, kampenda mtoto wa mumewe. Yakaja maneno kwamba mume kafa, bibi akatoboa siri kwa kijana. Mara mume huyo mlangoni! Yaya wa bibi akasema niachie mimi, nitasema kijana ndiye aliyekutaka. Bibi akamwachia. Baba akamwapiza mwanawe kwa mungu wa bahari, likatoka dude majini, farasi wakashtuka, wakamburura kijana mpaka akafa. Na hayo yote huyaoni, anakuja mtu kukusimulia! Na kabla kijana hajafa, bibi anamgeukia yaya, anamwita zimwi, anamfukuza. Yaya wa watu akajitosa baharini.

Hapo nilisahau hata kuangalia saa. "Yaya ana kosa gani peke yake?"

Binti akafungua dibaji. Kwa Euripides, Mgiriki wa kale, bibi mwenyewe ndiye aliyeacha barua ya kumsingizia kijana. Racine kaibadilisha makusudi, na kaandika kabisa kwamba uchafu huo haumfai binti wa kifalme, unamfaa zaidi yaya, maana huyo angeweza kuwa na silika za kitumwa zaidi.

Mwiko ukaanguka. Mama watoto mwaka wa tisa huu analea watoto wa watu hapahapa Lyon. "Kasema nani?"

"Racine, mama."

"Siku ya mtihani umwambie mtahini. Neno kwa neno."

Basi tukaacha mishororo yote, siku nne tunamtetea yaya. Mama mtu alikuwa na hoja saba, mbili haziandikiki.

Jana kafanya mtihani. Tulimngojea nje sote wawili.

"Yaya je?"

"Hakumuulizia. Kaniuliza habari za Hippolyte tu, yule kijana, na swali la sarufi, ukanushi kwenye sentensi ya pili."

Mama yake akafunga mtandio vizuri. "Na huyo mtahini anatokea mlango gani?"