Kompresa ya lori: namba ya kwenye boksi haitoshi

Kila mwenye lori anayeanza kubeba mizigo ya migodi hapa Lubumbashi hufika siku akauliza: ninunue kompresa gani ya kujazia matairi njiani? Mimi nasema hivi: kompresa ya kwanza tayari unayo. Imefungwa kwenye injini ya lori lako na kazi yake ni kujaza upepo wa breki. Unachokosa ni mpira mrefu, geji ya kuaminika na mahali salama pa kuchukulia huo upepo. Mashine ya pili ije baadaye, kama kazi yako inaidai kweli.

Nasema hivyo kwa sababu naona watu wanatupa hela. Ukiingia dukani, kijana atakuonyesha kiboksi chenye maandishi makubwa: PSI 150. "Papa, hii inajaza hata tairi ya lori, inafika mia moja hamsini." Hadanganyi. Itafika, ukiwa na muda wa kungoja. Lakini PSI ni kipimo cha presha, na namba hiyo inaeleza tu mashine inaishia kwenye presha gani. Kinachomhusu dereva aliyesimama kando ya barabara ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, ni lita ngapi za upepo zinaingia kwenye tairi kila dakika, tena wakati tairi limeshakuwa na bari 6 au 7 (bari ni kipimo kingine cha presha) na linasukuma nyuma.

Tupige hesabu. Tairi la lori la saizi ya 315/80R22.5 lina nafasi ya karibu lita 150. Kulitoa sifuri hadi bari 8, yaani PSI 116 hivi, unahitaji lita zipatazo 1,200 za upepo wa kawaida, yaani hewa ya nje kabla haijashindiliwa. Na upepo wa kwetu hata si wa kawaida. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo mashine ileile inafanya kazi zaidi kupata tairi lilelile. Sasa chukua kompresa ndogo iliyoandikwa lita 50 kwa dakika. Namba hiyo imepimwa mashine ikisukuma upepo bure, bila tairi. Ukifika bari 6 inakuwa pungufu sana. Tairi moja linaweza kula nusu saa na zaidi, na mashine nyingi za aina hiyo zimetengenezwa zifanye kazi theluthi moja tu ya muda: dakika 10 kazi, dakika 20 ipoe. Ukiilazimisha, inaungua.

Kisha kuna suala la umeme, ambalo limeua mashine nyingi hapa mjini. Malori ya Ulaya na ya China, Actros, Scania, Howo, Shacman, yanatumia volti 24. Yale ya Kimarekani, Freightliner na International, mengi ni volti 12. Kwenye foleni ya mpaka yamesimama pamoja, na madereva wanaazimana vitu. Kompresa ya volti 12 ukiifunga kwenye betri zote mbili za lori la volti 24, moshi. Ukiifunga kwenye betri moja kati ya mbili, itafanya kazi, lakini ukifanya mazoea unaharibu betri: moja inanyonywa, nyingine inachajiwa kupita kiasi. Na usiifunge kabisa kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Fyuzi yake haikuwekwa kwa ajili ya mzigo huo. Kompresa ya maana inashika moja kwa moja kwenye betri kwa vibano na nyaya nene, na injini iwe inawaka.

Turudi kwenye kompresa ya injini. Yenyewe inatoa upepo mara kadhaa kuliko kiboksi cha dukani, na haihitaji waya wala petroli ya ziada. Malori mengi ya Ulaya yana nafasi ya kujazia matairi karibu na draya ya upepo (kifaa kinachokausha hewa ya breki), yenye kifuniko kidogo ambacho madereva wengi hawajawahi kukifungua. Mengine unapata kifaa cha kuunganisha kwenye mpira mwekundu wa trela, lori likiwa limesimama na kufungwa vigingi vya magurudumu. Hizo ndizo njia.

Njia ambayo siikubali hata kidogo ni ile ya kukata bomba la breki na kuweka tii ya shaba, kiungo cha midomo mitatu, ili upepo utoke hapo. Nimeona kazi hiyo imefungwa kwa waya na raba ya tyubu, kwenye lori linalopakia tani 30 za shaba. Mpira ule ukipasuka safarini, tangi la breki linavuja. Ukitaka kituo cha kudumu cha upepo kwenye lori, kichukuliwe kwenye mkondo wa vifaa vya ziada, nyuma ya valvu ya ulinzi, ile inayofunga yenyewe presha ikishuka ili breki zibaki na upepo wake. Fundi asiyejua valvu hiyo ni ipi, mwache.

Upungufu wa njia hii upo. Mfumo wa breki wa malori kadhaa, hasa ya Kimarekani, unaacha kujaza kwenye PSI 120 hadi 130, kwa hiyo tairi la mbele linalotaka bari 8.5 unalifikisha kwa shida au hulifikishi. Kompresa iliyochoka inatema oili. Usipomwaga maji ya tangi, maji yanaingia kwenye tairi. Na injini ikizima, huna kitu.

Ndiyo maana simkatazi kila mtu kununua. Mwenye malori matano au zaidi, mwenye gereji yake, au anayeacha lami na kuingia kwenye barabara za machimbo, anunue kompresa ya petroli yenye tangi. Tangi, lakini, lisikudanganye. Lita 20 zenye bari 8 hazitoshi kupandisha tairi kubwa kwa kiwango cha maana. Kazi ya tangi ni kutoa upepo mwingi kwa mpigo, mdomo wa tairi ukae kwenye rimu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiunganishe kwenye tairi la lori lenye bari 6, uangalie saa mpaka lifike 7. Mashine inayosukuma lita 50 kweli itamaliza kwa dakika tatu au nne. Akikataa kujaribu, toka.

Lakini kinachonisumbua zaidi kuliko hela ni hiki: kompresa inampa dereva ujasiri asiostahili kuwa nao. Utingo anapita asubuhi akigonga matairi kwa bomba la chuma. Mlio ule unamwambia tairi lipi limekwisha kabisa. Haumwambii lipi liko bari 6 na lipi 8, hasa la ndani kwenye magurudumu pacha. Lori linatembea hivyo hadi mji wa Likasi, tairi linapata joto, nyuzi za chuma za ubavuni zinachoka na kukatika ndani kwa ndani. Kisha dereva anasimama, anatoa kompresa yake mpya na kuanza kujaza. Hapo ndipo ubavu unapopasuka kama zipu, na aliyechuchumaa mbele yake haponi kirahisi.

Kanuni ya watu wa matairi inajulikana: tairi lililotembea na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake lihesabiwe kuwa limetembea bila upepo. Kama lako linataka bari 8, basi chini ya 6.4 livuliwe, likaguliwe ndani, na lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Kompresa ya njiani ni ya kuongeza kidogo, tairi likiwa baridi, asubuhi. Mwezi wa saba asubuhi ni baridi kali, mwezi wa kumi mchana ni moto. Tofauti ya nyuzi joto 20 peke yake inacheza na karibu bari 0.6. Kwa hiyo pima baridi, na usipunguze upepo wa tairi lililotoka safarini.

Kwenye rimu za zamani zenye pete ya chuma, zile za 10.00-20 na 12.00-20, hatari ni kubwa zaidi, kwani pete yenyewe inaweza kuruka. Mafundi wa matairi kule Ruashi na Katuba wengi wao hawana kizimba. Wanapitisha vyuma viwili kwenye matundu ya rimu, wanakanyaga, wanajaza. Vijana wale wanastahili zaidi ya hapo, na wenye malori tunaopeleka kazi kwao ndio tunaoweza kuchanga kizimba kichomelewe. Kwa kuanzia, mpe fundi wako mpira wa mita tatu au zaidi, wenye kichwa kinachoshika valvu chenyewe na geji upande wa pili, ili asimame kando ya njia ya tairi likipasuka. Huo mpira ni wa bei rahisi kuliko kiboksi cha PSI 150.