Mabaraza ya wazee: tunawacheka bure

Juzi kijiweni hapa Mabatini, Mwanza, kulikuwa na ubishi, kisa kikao cha baraza la wazee kimeahirishwa tena kwa kukosa hela ya nauli na chai. Kijana mmoja wa bodaboda akasema hayo mabaraza yafutwe tu, wazee wenyewe wanaitwa tarehe 1 Oktoba, wanavalishwa tisheti, wanapiga picha na mgeni rasmi, wanapewa soda na posho wanarudi kulala. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, sitaki kujifanya. Ila usiku lile neno likawa linanirudia, maana jirani yangu ni katibu wa hilo baraza na namjua anafanya nini siku zile nyingine 364.

Sasa kabla sijamtetea, wanaopinga wana hoja, tena za kweli. Wanasema mwenyekiti wa mtaa tunaye wa kupigiwa kura, diwani yupo, kamati ya maendeleo ya kata ipo, sasa chombo kingine cha nini. Wanasema ukienda kwenye mabaraza mengi unakuta ni walimu wastaafu na makarani wastaafu, wanaume tupu, yule bibi wa kuuza dagaa hayupo. Na wakati wa uchaguzi wanasiasa wanawakumbuka hao wazee ghafla, wanakaa nao mkeka mmoja, kura zikishahesabiwa mkeka unakunjwa. Halafu nchi yenyewe ni ya watoto na vijana, sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7 na wenye miaka 60 kwenda juu ni kama asilimia 6 tu. Halmashauri ina madarasa ya kujenga, utaiambia nini. Sawa, hayo yote nayakubali, hasa hilo la akina bibi, hapo wazee wetu wamezembea.

Lakini njoo uone daftari la huyu mzee jirani yangu.

Ni kaunta buku la kawaida, jalada limefungwa na gundi ya karatasi. Ndani kuna majina ya wazee wote wa mtaa. Mnaoijua Mwanza mnajua nyumba zetu za huku juu, mawe na ngazi, maji ya ndoo, mtu akivunjika nyonga anashushwa mgongoni. Mzee amechora nyota nyekundu pembeni ya kila jina la asiyeweza tena kushuka mwenyewe. Nyota mbili maana yake hashuki na anaishi peke yake. Akikosa kumwona mwenye nyota mbili siku tatu anapanda, na yeye mwenyewe anatembelea fimbo. Ofisini hakuna orodha kama hiyo. Ilipotakiwa orodha ya wazee wasiojiweza wapewe vitambulisho vya matibabu bure, mtendaji alikuja kwake kuazima daftari, kwa sababu mtendaji ana mwaka mmoja hapa na kesho anahamishwa.

Na huku kwetu Usukumani kumjua mzee anaishi na nani si jambo la umbeya. Kanda hii tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, mwingine ushahidi wake ni macho mekundu, na hayo macho ni moshi, miaka hamsini anapuliza kuni na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, macho yatakuwa ya rangi gani? Maneno hayaanzii polisi. Yanaanzia kwenye shamba la urithi, kwenye mtoto aliyeugua, kisimani. Anayeyasikia yangali mabichi ni mzee mwenzake, na akiwa na baraza nyuma yake anaweza kuita ile familia ikakaa chini. Wasukuma tulikuwa na banamhala, yaani wazee wa kufanya kazi hiyo, kabla halmashauri haijazaliwa, kwa hiyo anayeniambia hiki ni kitu cha kuletwa na wafadhili sijui kakulia wapi.

Hapo ndipo naumia na hesabu moja, mnisamehe nitaing'ang'ania. Kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Jumlisha. Kumi imeisha. Mzee yuko wapi? Mtaniambia bibi ataingia kikundi cha wanawake, haya, jaribu wewe kuwa na miaka 68 uombe kuingia kikundi cha akina mama wa miaka 30 wanaotaka mashine ya kukoboa, waone kama watakupa nafasi, wanajua ukiugua marejesho yanawaangukia wao. Na babu je? Mzee aliyevua sangara miaka thelathini hana NSSF, hana kiinua mgongo, nyavu zimechoka na mikono imechoka, leo anakaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba anaokota kibarua cha kuanika dagaa. Huyo ndiye tunamwambia anakula posho.

Angalia sasa hayo makundi mengine yalivyojipanga. Zamani hiyo kumi ilikuwa tano kwa tano, wanawake na vijana. Mwaka 2018 ikaandikwa kwenye sheria na watu wenye ulemavu wakapata mbili yao. Na hao walishakuwa na Sheria ya 2010 inayotaka kamati zao kuanzia kijijini na mtaani mpaka juu, vijana nao sheria ya baraza lao ilipita bungeni 2015. Sisemi kamati ndiyo iliyoleta ile mbili, mambo ya bungeni yana njia nyingi. Nasema wazee wa Bara wao wana sera ya 2003, na sera haimlazimishi mkurugenzi kitu, akitaka anaita kikao, asipotaka afisa ustawi wa jamii anabaki anawapigia simu za pole. Zanzibar wenzetu wana sheria ya wazee tangu 2020, na pensheni jamii ya miaka 70 kwenda juu walishaianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ndogo, ndiyo, lakini ipo.

Tuje kwenye hiyo posho inayochekwa. Mchukue mjumbe wa baraza wilayani Ukerewe anayetoka kisiwa cha Ilugwa au Ukara. Ukimwita kikao cha wilaya Nansio anapanda mtumbwi wa injini, ziwa likichafuka harudi kwake siku hiyo, anatafuta pa kulala na cha kula. Diwani akisafiri hivyo tunaita stahiki. Mzee akisafiri hivyo tunaita njaa. Halafu asipokuja tunasema baraza limekufa.

Kwa hiyo mimi nisingefuta. Ningeanza na vitu viwili tu, kwanza kiti kwenye kamati ya maendeleo ya kata kwa mtu wa baraza, aulizwe kabla bajeti haijafungwa, maana sasa hivi wanasomewa ikiwa imeshapita, na pili nusu ya wajumbe wawe akina bibi, kwa lazima kabisa, kwa sababu wenye nyota mbili kwenye lile daftari wengi ni wajane. Hela? Hata ile ya tisheti za Oktoba ingewalipia nauli vikao kadhaa, mtu asiniambie haipo.

Jumamosi nilipita kwa mzee nikamkuta amekaa kibarazani anahamishia majina kwenye kaunta buku jipya, kanunua mwenyewe. Majina mengine anayaruka, nikauliza, akasema hao wameshatangulia mwanangu. Kisha akaniuliza kama nina kalamu nyekundu, yake imeisha wino na bado hajafika hata katikati.