Bunduki Umenunua, Risasi Je?

Wiki iliyopita ndugu yetu mmoja hapa Houston alipita nyumbani kunionyesha bunduki aliyonunua. Akaweka begi juu ya meza ya sebuleni, akavuta zipu taratibu ili roho inidunde kidogo, kisha akatoa AR, ile ya umbo la kijeshi, nyeusi tii yenye darubini ndefu, tochi, taa ya leza, miguu miwili ya kuegemezea na mkanda wa kikomandoo. Jumla dola 2,000 na ushee, zote kwenye kadi ya mkopo.

"Unakwenda kuwinda nini, kaka?"

"Kindi. Wamejaa kule Conroe."

Kindi! Jamani, risasi ya .223, ndiyo AR hiyo inayokula, ikimpata kindi tumboni, kinachobaki ni mkia na maswali. Nikamuuliza ana risasi kiasi gani. Akanionyesha maboksi mawili ya ishirini ishirini. Hela imekata, anasubiri mshahara. Muuzaji alimhakikishia kwamba bunduki hii inafaa kwa kila kitu. Kwani ni muuzaji gani atakwambia mali yake haifai?

Nimeudhika, na si kwa sababu yake peke yake, maana kila Septemba ikikaribia naulizwa swali lile lile: kaka, ninunue nusu-otomatiki gani, ile inayojikoki yenyewe kila ukifyatua, isiyo ghali, ya kuwindia na ya kulengea shabaha? Jibu langu ni .22, ile ya risasi ndogo nyembamba. Ruger 10/22 kama hela yake unayo, Savage 64 kama huna. Inayobaki yote weka kwenye risasi. Ungeweza kuacha kusoma hapa hapa, ila nawajua, hamtaamini mpaka mpigiwe hesabu.

Haya, hesabu. Risasi moja ya .22 ukinunua boksi kubwa la mia tano na kitu inakutoka kama senti 8, soko likichachamaa 10. Risasi ya .223, ile ya bei ya chini kabisa, ni karibu nusu dola. .308, ile kubwa zaidi, ni dola nzima, na ukitaka zile hasa za kuwindia, hata mbili. Kwa hiyo mwenye dola 50 mfukoni anarudi na .22 zaidi ya mia tano, au .223 mia moja, au .308 hamsini ambazo atazifyatua kwa uchungu huku akihesabu moyoni. Fanya hivyo mwezi hadi mwezi kwa mwaka mmoja, halafu niambie nani amejifunza kupiga. Bei iliyobandikwa kwenye bunduki unailipa mara moja tu. Bei ya risasi unailipa kila unapotaka kuwa bora kidogo kuliko jana, na ndiyo inayoamua kama utakwenda uwanja wa shabaha kila wiki au bunduki italala kabatini ikisubiri Krismasi.

Mtu ataniambia anajua kupiga tayari, amepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kule kwetu Tanzania. Sawa, afande. JKT ulipewa risasi chache, ukalala chini na bunduki ya kambini, SMG au SAR, ukafyatua mkufunzi akikupigia kelele sikioni, ukarudi kambini ukasimulia mpaka leo. Siikebehi JKT, lakini siku moja ya shabaha miaka ya nyuma haikufanyi mlengaji.

Huyu ndugu yetu naye alikuwa na hoja hiyo hiyo. Jumamosi nikampeleka uwanjani. Nikamwomba anipe mgongo, nikampangia magazini yake, na katikati nikachomeka risasi bandia, ile isiyo na baruti. Akafyatua ya kwanza, kishindo. Ya pili, kishindo. Ya tatu ikasema "kli," basi, na papo hapo mtutu ukazama chini kiasi cha kiganja kizima, bega likasukuma mbele, macho yote mawili yakafumba. Mlipuko haukuwepo, yeye alikuwa akipigana nao tayari. Aliona mwenyewe. Akasema, "Aisee."

Woga ule hautolewi na hotuba, wala na darubini ya dola 600. Unatolewa na mamia ya risasi ndogo zisizopiga bega wala kuumiza sikio, mpaka kidole kijifunze kubana polepole bila kumpa mwili taarifa. Hapo ndipo .22 inapoishinda kila bunduki dukani. Inaruka kidogo mno kiasi kwamba unaliona tundu likitokea kwenye karatasi huku jicho lako bado liko kwenye darubini. Ukikosea unaona umekosea wapi, na risasi inayofuata unarekebisha, na umetumia senti 16.

Na hapa sina utani. Mwindaji anayefumba macho anajeruhi. Mnyama aliyepigwa utumbo anakwenda kufia kichakani baada ya saa nyingi, na wewe unarudi mjini na picha za msitu. Asiyeweza kuweka risasi tano ndani ya eneo la kifuniko cha soda kwa yadi 50, akiwa ameegemea vizuri, hana haki ya kumwelekezea mtutu kiumbe hai. Nimesema.

Sasa kwa nini 10/22? Imekuwepo tangu 1964, imeuzwa kwa mamilioni, na kwa hiyo kila fundi anaijua na kila kipuri kipo. Magazini yake ya risasi 10 inazunguka ndani na inakaa sawia na tumbo la bunduki, hakuna kinachoning'inia cha kukwama kwenye matawi. Haifiki kilo 2 na nusu, mama anaibeba, kijana anaibeba. Mtutu umeshikwa kwa skrubu mbili tu, kwa hiyo ukitaka mzuri zaidi baadaye unaubadilisha mwenyewe nyumbani. Bei yake mpya inacheza kwenye dola 300 na kitu.

Ina maudhi yake pia. Kifyatulio kinachotoka nacho kiwandani ni kizito, na risasi ya mwisho ikitoka boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, hairudi nyuma ikakaa wazi, inafunga, kwa hiyo mgeni anaendelea kubofya bunduki tupu akidhani imeharibika. Utazoea.

Savage 64 ni ya bei rahisi zaidi, inalenga vizuri, na wanatengeneza hata ya mashoto. Umbo lake halina mvuto, sijali. Mossberg 702 ni ya bei ya chini na utaihisi mkononi kwamba ni ya bei ya chini. Marlin 60, ile ya kujaza risasi kwenye bomba chini ya mtutu, wazee wa Texas Mashariki waliipenda sana kwa kindi; ukiipata ya mtumba yenye mtutu safi, chukua. Ila kuichomeka risasi moja moja asubuhi ya Januari vidole vimekufa ganzi kunataka subira ya Ayubu.

Kuna wanaoniuliza habari za SAR, ambayo huku inaitwa SKS, wakidhani kwa sababu nyumbani walinzi wanatembea nayo basi hapa itakuwa ya bure. Miaka ya tisini mwanzoni ilikuwa karibu na bure kweli. SKS za Kichina zilimwagwa humu nchini kwa bei ya kutupa, mpaka Rais Clinton alipofunga mlango wa bunduki za Kichina mwaka 1994. Leo imekuwa kitu cha wakusanyaji, dola 500 huipati kirahisi, na risasi zake si za bei ya .22. Kama ni kumbukumbu za kambini, nunua, kila mtu na ugonjwa wake.

Najua wajuzi wanasubiri kunishika shati: bunduki ya kukoki kwa mkono inalenga vizuri zaidi kwa hela ile ile, na inamfundisha mtu kuithamini risasi ya kwanza. Kweli, naikubali nusu shingo upande na nusu iliyobaki kwa sababu sina pa kukimbilia. Nusu-otomatiki inampa mtu mwenye pupa ruhusa ya kumwaga risasi. Nimewaona uwanjani, pa-pa-pa-pa, karatasi haina hata mkwaruzo. Dawa yake ni kujaza risasi moja moja kwenye magazini miezi ya mwanzo. Lakini ukishatulia, kutougusa mkono wa boliti kunakuacha jicho kwenye shabaha, na kindi wa pili akichungulia nyuma ya tawi humfukuzi kwa kelele za chuma.

La pili ninalokubali: .22 si ya kila mnyama. Kulungu hapa Texas kisheria huruhusiwi kumpiga na .22 ya namna hii, na hata ingeruhusiwa ningekukataza. Nguruwe mwitu vivyo hivyo, ana ngao ya ngozi mabegani inayoicheka risasi ndogo. Kwa nguruwe, AR ya kawaida kabisa ya dola 500 au 600, bila tochi wala madoido, ni chombo kizuri, nimesema, msinikumbushe. Tena nguruwe hawana msimu wala kikomo cha idadi, na tangu Septemba 2019 kwenye shamba la mtu aliyekuruhusu huhitaji hata leseni ya uwindaji. Anza na .22, jifunze, kisha nunua hiyo ya pili ukiwa unajua unanunua nini. Kuanza na kubwa ni kununua Land Cruiser ukaegesha uwanjani kwa kukosa hela ya mafuta.

Pia kuna gharama ambayo dukani hawakwambii: pa kuwindia. Karibu asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi. Ndugu yangu, huku hakuna "naingia porini tu." Utaingia porini, utatoka na kesi. Kibali cha mwaka cha ardhi za umma ni dola 48, juu ya leseni yako, na ndicho kitakachokuingiza sehemu kama msitu wa Sam Houston kutafuta hao kindi. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye lazima awe na mafunzo ya uwindaji. Usione uvivu, kozi yenyewe ni nyepesi, na waliokulia Kenya, ambako uwindaji umefungwa tangu 1977, watakutana na mengi ambayo hakuna babu aliyewahi kuwasimulia.

Kama unataka kufundishwa kulenga hasa, watafute watu wa Project Appleseed. Wanafundisha wikendi nzima kwa .22, umbali wa yadi 25, jinsi ya kulala, kukaa, kuvuta mkanda na kupumua. Katikati ya somo wanakusimulia asubuhi ya tarehe 19 Aprili 1775, wakulima wa Massachusetts walivyowatwanga askari wa Mwingereza. Mimi nilikaa pale kwenye nyasi nikipiga makofi kuliko wenyeji. Sisi Watanganyika tuliochelewa kuachana na Mwingereza mpaka 1961 acheni tufurahi kwa niaba ya wengine.

Mambo madogo ya mwisho. Darubini nunua iliyotengenezwa kwa .22, iliyopangwa kwa yadi 50, maana ya bunduki kubwa itakudanganya ukisogeza kichwa kidogo. Risasi usichukue katoni siku ya kwanza. Nunua boksi dogo la kila aina, zipige zote kwa yadi 50 siku isiyo na upepo, maana kila mtutu una risasi unayoipenda, na hata mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja hailingani. Risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, kwa hiyo kindi aliye juu ya tawi na mbingu nyuma yake hapigwi. Na nyumba zetu hazikosi wageni na watoto wa wageni, bunduki ikae chini ya kufuli, risasi mahali pengine.

Nyinyi wenye viza za masomo mnaonipigia simu usiku mkitaka niwanunulie bunduki kwa jina langu halafu tuelewane: hapana. Ile fomu 4473, ya serikali kuu unayojaza dukani, inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na kudanganya pale ni jela ya serikali kuu, miaka inaweza kufika 15, na ukitoka unarudishwa kwenu bila begi. Sheria imewaachia upenyo halali: mwenye viza ya muda akiwa na leseni halali ya uwindaji anaweza kuruhusiwa kununua. Katafute leseni kwanza. Dukani nitakusindikiza, hata kahawa nitanunua mimi. Hela utatoa wewe, na sahihi utaweka wewe.