Familia ya kichungaji, lakini ya nani?

Jumapili iliyopita mgeni wetu alisimama mimbarini saa nzima akimsifu John McDougall, Mmethodisti aliyehubiri nyika za magharibi mwa Kanada enzi za nyati. Baba mchungaji, mwana mchungaji, damu ya madhabahu haipotei! Watu makofi. Mimi nikanuna.

Sawa, mtu alichapa kazi, sikatai. Kikrii, lugha ya Wakrii, wenyeji wa nyika hizo, alikimudu, na mwaka 1873 akaanzisha misheni ya Morley kwa Wanakoda, wenyeji wengine wa huko, karibu na milima. Lakini mbona familia za kichungaji pale zilikuwa mbili, tukahesabiwa moja? Mkewe Abigail alikuwa binti wa Henry Steinhauer, mwenyeji wa kabila la Waojibwe, mchungaji wa Kimethodisti aliyefasiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kikrii. Walioana 1865. Huyo mkwe alikuwa akihubiri huko kabla ukoo wa McDougall haujafika bonde la mto Saskatchewan. Ikiwa ni damu ya madhabahu, basi Abigail anayo pia. Mgeni wetu alimtaja mara ngapi? Hata moja.

Ndui ilipoingia mwaka 1870 ilizoa mabinti wawili wa mzee George, babake John, na mwingine waliyemlea. Mwaka uliofuata Abigail naye akafa, akaacha watoto wadogo. Mwaka 1872 John alikwenda Ontario akarudi na mke mwingine, Elizabeth Boyd. Maisha yakaendelea, kama wasemavyo wanaume.

Tena kuna habari ya jiwe. Mwaka 1866 George aliling'oa kilimani, kimondo cha chuma cha kilo 145 hivi ambacho wenyeji walikiwekea sadaka kabla ya kuwinda. Wazee wakaonya: mtaona vita, maradhi na njaa. Miaka minne tu, ndui hiyo. Siamini laana, ila nikiwa mzee wa Kikrii ningekohoa kidogo. Shule ya bweni ya Morley, ya watoto wa wenyeji, sitaigusa leo, nitakesha.

Mzee George mwenyewe alikufa Januari 1876. Walikuwa wakitoka kuwinda, akamtangulia mwanawe kambini. John alifika, baba hayupo. Mwili ulipatikana karibu wiki mbili baadaye, umeganda. Hapo nilimwonea John huruma ya kweli.

Mimi pia ni mtoto wa mchungaji, ndiyo maana nina mdomo. Kila baba alipohamishwa, mama alikuwa ndiye anayefunga vyombo kwa magazeti na kuacha sukuma wiki ndiyo kwanza imeanza kutoa majani. Mke wa mchungaji aliyefuata ndiye aliyeichuma. Siku ya kuagwa, baba alipewa mbuzi na hotuba tano. Mama alipewa leso, na baadaye akaombwa aoshe sufuria za sherehe.

Mwisho wa ibada mgeni aliomba watoto wote wa wachungaji wasimame wapigiwe makofi. Mama alikuwa kando yangu, anatafuta miwani kwenye mkoba. Nikabaki nimekaa, nikamshikia mkoba.