Nilifuata Chozi, Nikarudi na Machozi

Kabla hamjanicheka, niacheni nijitetee kidogo: upupu mimi nilikuwa naujua. Nimesoma shule ya msingi Temeke. Upupu tuliupata umefungwa kwenye karatasi ya daftari, unauzwa kwa siri nyuma ya vyoo, unapakwa kwenye kiti cha kiranja. Unga wa kahawia, basi. Kwamba huo unga una mama yake, mwenye majani na maua, anayepanda miti na kuning'inia kama amezaliwa humo, hilo hakuna aliyenifundisha.

Mwaka juzi nilinunua kamera ya mtumba Kariakoo, na lenzi ndefu ya milimita 300 ambayo ukiizungusha inalia krr krr kama goti la mzee. Muuzaji akaniambia hiyo ndiyo ya kupigia wanyama. Mnyama niliyekuwa naye mtaani ni paka wa mama mwenye nyumba. Nikampiga wiki mbili, mpaka paka akawa akiniona anasonya na kuondoka. Likizo ilipoangukia Juni nikasema hapana, naenda kwa bibi.

Bibi anaishi wilaya ya Muheza, kijiji cha chini ya milima ya Usambara Mashariki. Juni huko ni raha tupu. Masika yamekwisha, kiangazi ndiyo kwanza kinapiga hodi, na ubaridi wa kipupwe unamfanya mtu alale mpaka saa mbili bila kujiona mvivu. Nyasi zimeanza kukauka, machungwa yanaiva. Kila njia utakayopita utakuta matenga, mwanamume mmoja juu ya mti anachuma, na mwingine chini anamfundisha kuchuma.

Halafu huku ndiko alikopatia jina Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya enzi za ukoloni wao. Mwaka 1892 alikutana na kiua cha zambarau, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakakibatiza Saintpaulia. Leo kimo kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Bibi zetu walikuwa wanapita palepale na mizigo ya kuni miaka na miaka, hakuna aliyepewa hata jani. Nilipanda basi nikiwaza hayo. Kama yeye kapata, mimi mwenye asili ya huko nina kasoro gani?

Siku ya kwanza sikupiga ndege hata mmoja. Habari zilienea kwamba mjukuu kaja na kamera kubwa, na kufika saa tatu asubuhi uani kulikuwa na foleni. Mama mdogo alitaka picha na cherehani yake. Vijana watatu wa bodaboda walitaka picha juu ya pikipiki moja, ambayo mwenyewe hakuwepo. Mzee jirani alikuja amevaa koti lake la harusi, akaomba picha ya pasipoti. Ya kwendea wapi, hakusema.

"Mzee wangu, mimi napiga ndege tu."

Akatazama juu. "Ndege huku hazitui, mjukuu wangu. Nenda Tanga mjini, uwanjani."

"Ndege hawa wa mitini, mzee."

Hapo kitoto cha jirani, cha darasa la nne, kikachomoa manati mfukoni na kunikabidhi. Kikasema ya kwangu ndefu mno, itanichelewesha. Ikabidi nieleze upya kwamba siwapigi, nawapiga picha. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayesemesha mgonjwa: "Na hao ndege wanakulipa shilingi ngapi?"

Niliyemtaka hasa ni chozi. Yule dume mweusi mwenye kidari chekundu kama kaa la moto na paji la kijani linalometameta. Ukimpima na mdomo wake uliopinda, hafiki shibiri. Anatua kwenye ua, anachomeka mdomo, ananyonya, huyo kaondoka. Wewe unapomaliza kuizungusha lenzi unapiga picha ya tawi linalotikisika. Matawi yanayotikisika ninayo mengi, mwenye kuhitaji aseme.

Ni kitoto kilekile cha manati kilichoniambia machozi wanashinda bondeni, kwenye shamba lililotelekezwa, penye magugu marefu yenye maua ya rangi ya machungwa yaliyopangana kwenye shina kama ghorofa. Usiku nikamweleza bibi. Akaacha kuchambua mchicha.

"Kule usiende, mume wangu."

Bibi ananiita mume wangu tangu nizaliwe. Nami namwita mke mkubwa, kwa kuwa mdogo bado sijapata.

"Kuna nini kule?"

"Kuna wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Hawatajwi usiku." Akarudi kwenye mchicha wake.

Nikajua ni majini. Nikatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyesoma kompyuta. Majini mimi siogopi, hasa ikishafika saa moja asubuhi. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba bibi ana imani yake: upupu ukiutaja usiku, unaanza kukuwasha ukiwa kitandani. Angeutaja tu siku ile, akawashwa yeye, leo tusingekuwa hapa.

Wapiga picha wa ndege hupenda kuvaa nguo za mabaka ili wasionekane. Kwetu nguo za mabaka ni za jeshi, na raia akikutwa nazo ataonekana kuliko alivyokusudia. Kwa hiyo alfajiri nikachukua khanga ya bibi ya kijani iliyokuwa kwenye kamba. Maandishi yake sikuyasoma. Nani anasoma khanga alfajiri?

Bondeni palikuwa pazuri mpaka nikasikia vibaya kwamba niko peke yangu. Umande, jua la pembeni, yale maua ya ghorofa yamesimama kama yamepangwa na mtu. Nikachagua shina moja, nikalala kifudifudi chini ya kichaka, nikajifunika khanga gubigubi, lenzi tu ndiyo ikatoka nje. Na juu yangu, yakining'inia kwenye mtambaazi, yalikuwapo maganda mengi ya rangi ya dhahabu, yamejipinda kidogo, yana manyoya laini kama mahameli.

Jamani, niliyapenda.

Nikalishika moja kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Nikalipiga picha. Lilikuwa na utando wa buibui, nikalipuliza. Nikapiga tena. Nikaona tawi moja la mtambaazi linaziba ua langu, nikalivuta. Halikuja. Nikalivuta kwa mkono mzima. Hapo likaja lote, na vumbi la dhahabu likanishukia taratibu, chembe kwa chembe, likielea kwenye jua la asubuhi. Wallahi nilijisemea moyoni: mwanga wenyewe ndio huu.

Na chozi akatua.

Alitua kwenye ua lilelile, ubavu umenielekea, kidari kinawaka. Nikabonyeza na kukandamiza, kamera ikaanza kupiga mfululizo. Wakati huohuo kitu kikaninong'oneza shingoni. Nikakikuna kidogo, kwa ukucha mmoja, bila kuondoa jicho. Kikahamia sikioni. Kikaita ndugu zake mgongoni, kwapani, kwenye kope. Ilikuwa kama mtu ameniandika mwili mzima kwa kalamu ya moto, kwa mwandiko mdogo sana, na bado anaendelea na ukurasa wa pili.

Nikasema siafu! Nikarusha kamera, nikavua shati, nikavua suruali, nikazikung'uta. Siafu hata mmoja. Nikajifuta uso kwa khanga. Khanga ileile iliyokuwa juu yangu vumbi likishuka. Hili kosa nalikumbuka kila Juni.

Kilichokuwa kichwani mwangu ni neno moja, maji. Nikajifunga khanga juu ya bukta, nikashuka mbio mpaka mtoni, nikajitupa na kujisugua kwa mikono miwili. Nilipoinua kichwa nikawaona kina mama kama sita hivi, wanafua, wamesimamisha nguo mikononi.

"Shikamooni," nikasema, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba," wakaitikia, kwa sababu na wao wamelelewa.

Kimya. Ndipo mmoja wao akayasoma maandishi ya khanga kiunoni mwangu, kwa sauti, polepole, kama anasoma tangazo la ofisini: "Japo sipati tamaa sikati."

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Pangani. Mwingine alikaa chini kabisa kwenye maji, beseni lake likaanza safari peke yake. Nilitaka kujieleza, lakini kujieleza kunataka mikono itulie.

Nikakata kuelekea nyumbani kupitia kwenye michungwa. Katikati ya michungwa nikagundua kwamba khanga ndiyo inayoniua, nikaitupa. Hatua kumi mbele nikagundua kwamba bukta nayo imeingiwa. Sitaeleza. Nikaona tenga tupu chini ya mti, nikalichukua, nikasonga mbele nimelishika mbele kwa heshima zote. Tenga lina matundu. Hilo nalo sikulifikiria. Wachuma machungwa hawakuniuliza kitu. Wa chini kwa mara ya kwanza alikosa la kumfundisha wa juu. Wa juu ndiye aliyesema, bila kuacha kuchuma: "Litakaporudi, lisuguliwe."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni na beseni la majivu, na khanga nyingine pembeni.

"Khanga yangu haipo kambani, na wewe haupo kitandani," akasema. "Nikajua umekwenda kwa wenyewe."

Amri zikawa mbili: usijikune, usiguse maji. Nikamwambia kwamba maji nimeshayagusa. Akavuta pumzi ndefu. Nikasuguliwa majivu ya mafiga kuanzia kisogoni, kisha nikapakwa tope, nikaanikwa juani mpaka likakauka, likabanduliwa. Mama mdogo naye akaja na nadharia yake: selotepu. Nilikuwa nayo kwenye begi kwa ajili ya lenzi. Alikuwa anaibandika mgongoni na kuivuta, inaondoka na vinyweleo vya upupu, na kifuani ikaondoka na vya kwangu pia.

Kumbe lile halikuwa vumbi. Ni vinyweleo vidogo kama sindano vinavyofunika ganda, vyenye protini iitwayo mukunaini ambayo ikigusa ngozi inaichokoza. Ganda likikauka kiangazi, vinapeperuka hata kwa upepo, seuze kwa mpumbavu anayelivuta. Mbegu za ndani zina levodopa, dawa ileile wanayopewa wenye ugonjwa wa Parkinson. Ndani dawa, nje adhabu. Mimi safari yangu iliishia nje.

Wageni wa pole wakaanza kuingia. Kwetu mtu akipatwa na jambo majirani hawakawii, na siku ile walikuja hata wa kitongoji cha pili. Kila mmoja alisema "pole sana", akaenda nyuma ya nyumba, akacheka, akarudi akiwa na uso wa msiba. Mzee wa koti la harusi alinitazama kwa makini, mweupe wa majivu kuanzia nyusi mpaka vidoleni.

"Pole, mjukuu wangu. Naona leo umetulia. Ile ya pasipoti vipi?"

Ndipo nilipomwona. Nyuma ya jiko la bibi kuna migomba, na mmoja ulikuwa umetoa ua, umelining'iniza kama hatua tatu kutoka nilipoanikwa. Chozi dume, kidari chekundu, amening'inia kichwa chini. Ananyonya, anajipangusa mdomo, ananyonya tena. Hakuwa na haraka yoyote. Ukimwondoa bibi, ndiye kiumbe pekee aliyekaa nami kwa utulivu siku ile.

"Huyo?" bibi akauliza, alipoona ninapoangalia. "Huyo anakuja kila siku. Mbona hukusema kwamba ni huyo?"

Kamera ilikuwa bado bondeni. Kitoto cha darasa la nne ndicho kilichojitolea kuifuata. Kilizunguka upande upepo unakotoka, kikaivuta mkanda kwa ule mti wenye ncha iliyopinda wa kuchumia machungwa, kikaikung'uta mbali, kikarudi nayo bila kujikuna hata mara moja.

"Anko, unabonyeza hapa tu, eti?"

Tukaangalia picha zote, mimi na umati wa pole. Ubavu wa chozi, ukungu. Mkia wa chozi. Kiwiko changu. Mbingu. Shati langu likiwa hewani, kali kabisa, unaona hadi vifungo. Ganda la upupu, na hilo nalisema bila majivuno, ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Na mwisho, iliyopigwa robo saa kabla: chozi ametua kwenye ua la ghorofa, kila unyoya unahesabika, tone la maji mdomoni. Kitoto kikasema kilikuwa kinajaribu tu kama bado inafanya kazi.

Ile ya ganda niliituma kwenye kundi letu la wapiga picha la Dar. Mtu mmoja akauliza hicho kitambaa nimekipata duka gani.

Mzee nilimpiga pasipoti yake kesho yake, amekaa wima, macho makali. Tenga nililisugua mara tatu. Khanga bibi hataki hata kuisikia. Na wiki iliyopita amenipigia simu kunijulisha kwamba kile kichaka cha bondeni sasa kina jina, linatumika hadi na viongozi wa kitongoji. Mgeni akiuliza njia ya kwenda mtoni, anaambiwa: "Ukifika Studio, pita kushoto, na usiguse kitu."