Msilipige lipu ya saruji ghala hilo

Kamati inayotaka kulipiga lipu ya saruji ghala la tofali za kuchoma kwenye lile shamba la kahawa Moshi, jamani, ngojeni kwanza. Kwaruzeni maungio, yaani mistari kati ya tofali na tofali, kwa msumari: kikitoka kitu cheupe kinachosagika vidoleni kama unga, hiyo ni chokaa. Ukuta wa chokaa hupumua. Maji yanayopanda toka ardhini hutokea kwenye maungio, si kwenye tofali. Ukiyafunga maungio kwa saruji, maji hutokea usoni mwa tofali, chumvi inaganda ndani na tofali inamenyuka magamba. Halafu watu wanalaumu tofali!

Anzeni na paa na mifereji, maana ukuta unaonyeshewa hautibiki. Udongo uliorundikana ukutani uondoeni. Maungio yaliyooza yakwanguliwe kwa patasi nyembamba, kina milimita 25 hivi. Grenda hapana, inakata kingo za tofali. Lowesheni, kisha jazeni mota (mchanganyiko wa kujazia maungio) ya chokaa 1 kwa mchanga mkali 3, yaani wenye chembe kubwa, uliooshwa. Fundi atawaambia "tuongeze kasaruji kidogo ishike haraka". Mkatalieni. Funikeni kwa magunia mabichi wiki nzima, la sivyo jua linaikausha kabla haijashika na inabaki vumbi. Kazi hiyo si ya masika.

Na kulilinda ghala, msitegemee sheria ya mambo ya kale ya 1964 pekee: inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Jengo la enzi za Mjerumani halilindwi mpaka waziri alitangaze.