Fedha ikiondolewa kwenye dhamana, nani atahesabu siku?

Mwaka 2010, jijini New York, kijana wa miaka 16 aitwaye Kalief Browder alikamatwa akituhumiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilipangwa dola 3,000. Familia haikuwa nazo. Wiki kadhaa baadaye hata mlango huo ukafungwa, ikaamriwa abaki ndani bila dhamana. Alikaa miaka mitatu hivi katika gereza la Rikers Island, muda mwingi akiwa amefungiwa peke yake, akisubiri kesi ambayo haikusikilizwa kamwe. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015 alijiua.

Wanaotaka dhamana ya fedha ifutwe huanzia hapo, na siwalaumu. Lakini wapinzani wao nao wana kisa chao. Novemba 2021, mjini Waukesha, Wisconsin, mwanamume aliyekuwa nje kwa dhamana ya dola 1,000, akituhumiwa kumgonga kwa gari mama wa mtoto wake, aliliingiza gari kwenye gwaride la Krismasi na kuua watu 6. Wapo waliosema hayo ndiyo matunda ya kulegeza dhamana. Mimi naona vingine: huyu alitolewa na fedha, ileile iliyomshinda Browder. Fedha hupima mfuko wa mtu, haipimi hatari yake.

Anayekosa dhamana hapotezi uhuru tu. Siku chache zikipita kazini wameshaweka mwingine, kodi ya nyumba imepitiliza, watoto wako kwa jirani. Kisha anaambiwa: ukikiri kosa, kifungo chako ni siku ulizokwisha kukaa, leo unakwenda nyumbani. Wangapi wangekataa? Utafiti wa kesi za Philadelphia na Miami uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kuachiwa kabla ya kesi kunapunguza uwezekano wa mtu kutiwa hatiani, hasa kwa sababu wanaokiri hupungua. Ina maana baadhi ya hukumu zinatokana na uchovu wa mahabusu kuliko ushahidi.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanamageuzi wanaozungumza kana kwamba mlalamikaji hayupo. Mwanamke aliyetoa maelezo polisi asubuhi akiwa na jicho limevimba, jioni anasikia mlango ukigongwa, na sauti anaijua. Sharti la kutomkaribia shahidi liko kwenye karatasi, na karatasi haiwezi kusimama mlangoni. Wapo pia wanaoruka dhamana na wanaonunua mashahidi. Lazima mahakama iwe na uwezo wa kumweka mtu ndani.

Swali ni uwezo huo utumikeje. Sheria ya Tanzania inataja makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliuacha utaratibu huo usimame. Nia yake inaeleweka, ila mwenye uamuzi halisi hapo ni anayeandika hati ya mashtaka. Akiandika kosa hilo, hakimu hana la kupima. Katiba ya Kenya ya 2010 ilianza upande wa pili: dhamana ni haki ya kila aliyekamatwa, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kuizuia. Jimbo la Illinois, Marekani, nalo lilifuta kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023, lakini mwendesha mashtaka anaweza kuomba mtuhumiwa wa kosa kubwa abaki ndani, mradi aje na ushahidi mbele ya jaji.

Naipenda njia hii ya mwisho, na bado inanipa hofu. Hakimu akimwachia mtu kisha akaua, jina la hakimu litakuwa magazetini kesho yake. Akimweka ndani asiye na hatari, hakuna atakayejua. Mzani umeinama kabla hajafungua jalada. Tukiondoa fedha bila kugusa hilo, tutakuwa na mahabusu wale wale, safari hii bila hata kiasi cha kutafuta.

Ndiyo maana kipengele ninachokithamini zaidi katika mageuzi ya jimbo jingine la Marekani, New Jersey, yaliyoanza Januari 2017 ni kile kisichotajwa sana: aliyewekwa ndani lazima afunguliwe mashtaka rasmi ndani ya siku 90, na kesi ianze ndani ya siku 180 baada ya hapo. Ipo mianya ya kusogeza siku hizo, lakini zinahesabiwa. Kwingine mtu hupandishwa kizimbani, jalada hufunuliwa, husikika sentensi moja, "upelelezi haujakamilika", anapewa tarehe nyingine na kurudishwa kwenye karandinga. Dakika tatu, tena na tena, mwaka unakatika.

Watasema ukomo wa siku utawaachia wahalifu kwa uzembe wa wapelelezi. Inawezekana, na mlalamikaji ataumia. Basi mpelelezi aulizwe hadharani, kwa jalada hilo hilo, siku ya 60 na si siku ya 90: umemhoji nani, bado nani, na kwa nini.